Chupa Zililala?

Kasongo, 24 Februari 2024

Mdogo wangu Rosine,

Mnara wa simu wa huko kwenu bado umekufa, kwa hiyo barua hii inakuja na Chadrack, yule dereva wa pikipiki mwenye koti la njano. Mpe jibu la kuandika. La mdomo huliongezea chumvi.

Mama anaendeleaje? Mwambie binti yake wa Kasongo anamwamkia.

Wiki hii Iliasi, fundi mwashi, amevunja sakafu ya depo nyuma ya duka kwa sababu ukuta ulikuwa unazama. Chini amekuta shimo lililojengwa kwa matofali na kufunikwa mbao. Ndani mlikuwa na chupa nane nyeusi, shingo zimefungwa kwa nta. Karatasi zake za majina zimeliwa na mchwa. Iliasi alitoka mbio akisema ni mabomu ya wakati wa Uasi. Nilimwuliza tangu lini bomu likazibwa kwa kizibo. Akarudi kazini.

Unajua duka hili lilikuwa la yule Mreno aliyekimbia Uasi mwaka 1964, ndipo babu yake Yassine akalichukua. Mado, jirani yetu anayepika lotoko, ile pombe kali ya mahindi, ameinua chupa moja kwenye mwanga akasema: "Yaya, hii iko mvinyo ya wazungu. Iko na machicha chini kama pombe ya ndizi."

Yassine mume wangu hataki kileo kiikute Ramadhani ndani ya uzio wetu. Nami nimekumbuka ugomvi wako na wale watu wa Lubumbashi. Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye kazi yake ilikuwa kutia mvinyo mdomoni na kuutema. Niambie hiki ni kitu gani, na kama kinakufaa.

Yaya yako,
Mwamvita


Kabambare, 28 Februari 2024

Yaya Mwamvita,

Mama anakula. Mkono wa kushoto bado hausogei. Ameuliza kama ungali unamkaripia Yassine mbele ya wateja.

Unauita ugomvi, na kweli sikukueleza wote. Mwezi wa Agosti, huko Lubumbashi, nilifanya mtihani wa mwisho wa kuwa mwonjaji aliyethibitishwa. Walituwekea glasi moja moja. Mwenyekiti wa jopo alisema ni porto ya zamani, ya mavuno ya mwaka mmoja, iliyozeekea ndani ya chupa. Chupa ilikuwa yake mwenyewe. Mimi niliandika: mvinyo huu umezeekea ndani ya pipa, na kuna mtu aliyeutia kwenye chupa kuukuu. Wakaniuliza nimewahi kunywa porto ngapi za namna hiyo. Nikajibu hakuna. Wakacheka. Mwenyekiti akaandika juu ya karatasi yangu: "Hana msingi."

Kisha Mama akaanguka kwa kiharusi, nikarudi nyumbani. Jopo limeniachia mlango mmoja. Kabla ya mwisho wa Mei nilete tathmini yangu ya porto ya zamani, pamoja na chupa ya pili iliyotoka mahali palepale, ambayo wataifungua wao. Nikikosea, jina langu linafutwa na sirudi tena. Tangu hapo sijaona hata chupa tupu ya porto. Hapa Kabambare mvinyo ni wa misa, na padri anaupima kwa kijiko.

Porto ni mvinyo wa Ureno unaotiwa spiriti kabla sukari ya zabibu haijaisha. Ule wa mwaka mzuri hukaa pipani miaka kama miwili, halafu huingia kwenye chupa na kukaa humo umri wa mtu mzima. Machicha ni dalili njema. Usitikise chupa yoyote.

Niandikie: shingo ni fupi au ndefu? Nta ina ufa? Mvinyo umeshuka mpaka wapi? Na swali kubwa: zililala? Nijibu kweli, usinionee huruma.

Rosine


Kasongo, 3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Shingo ni ndefu na katikati imevimba kidogo. Nta haina ufa. Mvinyo umefika pale bega linapoanza. Hakuna harufu ya kitu kilichovuja.

Swali lako la mwisho limenikera, na ninakuambia kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Tangu nimekaa soko la Kasongo hakuna aliyewahi kuniuliza kama bidhaa yangu imelala. Unga wangu haulali. Mafuta yangu hayalali. Na chupa hizi hazikulala hata moja. Ziko kama siku zilipowekwa.

Yassine amesikia ninanung'unika, akasema: "Sasa unatetea pombe, mama Soraya? Kesho utaiswalia." Nimemwambia ninatetea duka.

Mwamvita


Kabambare, 6 Machi 2024

Yaya,

Asante kwa kunijibu bila kuficha.

Basi zimekufa. Kizibo hubaki hai kwa kuguswa na mvinyo. Kisipolowa hukauka, hujikunja, hewa huingia taratibu, na katika joto la Kasongo miaka sitini ni mingi mno. Nta haizuii. Ndani kuna siki, na pengine hata siki nzuri siyo. Zimwage kabla ya Ramadhani, Yassine ana haki.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya jopo. Nimewaandikia kwamba sitaleta kitu na ninajiondoa. Tafadhali iweke kwenye ndege ya kwanza.

Sijalia, usije ukamwuliza Mama. Kuna kazi: padri amesema shule inahitaji mtu wa kupika.

Rosine


Kasongo, 9 Machi 2024

Rosine,

Soma hii ukiwa umekaa.

Leo asubuhi nilizipeleka chupa kwenye mtaro nyuma ya depo. Iliasi alikuwa anavunja shingo kwa nyundo, mimi namwaga. Tulimwaga tano. Nilikuwa nimeshika ya sita nilipomwona Mado akija mbio kutoka kwenye pipa lake la lotoko, kijiko mkononi.

"Yaya, simama. Mnamwaga nini?"

"Siki."

"Siki gani? Mimi niko kule kwa moto, harufu imekuja kunitoa."

Aliinama, akakinga kiganja pale ambapo tone la mwisho la ile ya tano lilikuwa linadondoka, akalamba. Halafu akasema: "Aliyekuambia hii imekufa ni mutu hajaiona. Hii inakaa mu kinywa kupita mume anavyokaa mu nyumba."

Mimi sinywi, lakini pua haijakatazwa. Nilinusa ule mtaro. Ulinuka tende zilizoiva sana, na nyuma yake kahawa inayokaangwa. Siki nauza, naijua. Haikuwa siki.

Nikarudi ndani nikasoma barua yako upya. Unasema kizibo hukauka kisipoguswa na mvinyo. Kitakosaje kuguswa, wakati chupa zote zilikuwa chini kwa ubavu, zimepangwa kama dagaa kwenye mkebe? Kila moja ina doa la chokaa, na Iliasi anasema madoa yote yalikuwa yanatazama juu. Ndipo nikakaa kwenye gunia la mchele. Rosine, wewe uliniuliza kama chupa zililala, ubavu chini. Mimi nilikujibu kama mchuuzi, kwamba si kitu kilichododa.

Zimebaki tatu. Tano zimenywewa na mtaro wa Kasongo, na bata wawili wa Mado wanatembea kwa kupinda.

Barua yako ya jopo sijaituma. Ninayo. Ukitaka iende, itabidi uje uichukue mwenyewe.

Mwamvita


Kabambare, 12 Machi 2024

Yaya Mwamvita,

Nimeisoma barua yako mbele ya Mama. Amecheka mpaka nikamshika asidondoke. Hajacheka hivyo tangu augue.

Kosa ni la neno, na neno nililitumia mimi. Nilisema lugha ya ghala la mvinyo kwa mtu wa soko. Sasa nasema wazi: chupa iliyokaa kwa ubavu imelala, na ndivyo tunavyotaka. Lile doa la chokaa ni alama ya wenyewe wanaoitengeneza. Doa likitazama juu, machicha hukaa upande mmoja bila kuvurugwa kizazi kizima. Mreno wako alijua alichokuwa anafanya.

Hizo tano tusizitaje mwaka huu.

Barua ya jopo ichome. Zilizobaki nitumie zote tatu, doa juu, kila moja ndani ya nguo mbichi na gunia. Chadrack asipite kwenye jua la mchana. Mwambie aendeshe kama amembeba askofu.

Zikifika zitasimama wiki mbili na zaidi ili machicha yashuke. Kisha nitafungua moja. Ya pili ni ya jopo. Ya tatu tutaona.

Rosine


Kasongo, 16 Machi 2024

Mdogo wangu,

Barua imechomwa. Mado amekaangia karanga moto wake.

Chupa hazikuiona Ramadhani nyumbani kwetu. Zilihamia kwa Mado usiku wa kuamkia mfungo, na tangu hapo amewafukuza wateja kwenye chumba cha nyuma, akiwaambia ana mgeni mgonjwa. Chadrack amezifunga mbele, kwenye tangi, ndani ya boksi la sabuni lililojaa mashudu. Analalamika. "Yaya, nimebeba wajawazito, nimebeba mbuzi watatu, hakuna aliyenipa masharti kama haya."

Leo usiku zitalala njiani, Wamaza, kwa shangazi yake. Nimemwambia azilaze. Nimemwonyesha kwa mikono, mara hii sikuamini neno.

Yassine anauliza kila siku kama zimefika. Nikimwuliza inamhusu nini, anasema duka ni la babu yake.

Mwamvita


Kabambare, 7 Aprili 2024

Yaya,

Nimeifungua jana alasiri. Nakuandikia mambo kama yalivyotokea, kisha utafurahi mwenyewe.

Kizibo cha umri ule hakivutwi, kinavunjika. Njia yake ni moto. Nilimwendea Pitchou mhunzi na mchoro wa koleo lenye mdomo wa duara. Aliuangalia, akasema: "Hii iko ya kumushika nani shingo?" Nikamwambia ya chupa. Akasema Kabambare yote inafungua chupa kwa meno na hakuna aliyekuja kumlilia. Lakini alilitengeneza, na akaja nalo mwenyewe ili aone.

Tulilitia koleo motoni mpaka likawa jekundu, nikaikamata shingo chini ya kizibo, nikashikilia. Nilipolitoa, nilipitisha kitambaa cha maji baridi. Kioo kilisema tak, mara moja, kikakatika duara safi. Pitchou akasema, "Eeh, basi." Kipande cha shingo kilitoka na kizibo chake ndani, kizima. Porto za namna hii huandikwa mwaka kwenye kizibo. Sikukitazama. Pitchou alikifunga ndani ya leso akampa Mama, naye akakiweka chini ya mkono wake ule usiosogea. Jopo haliwezi kujua kama nilitazama au la. Nilitaka kujua mimi.

Nilimimina kupitia kitambaa kwenye jagi la kioo, taratibu, nikaacha machicha yalipoanza kukaribia.

Rangi: katikati bado nyekundu, nyekundu ya tofali lililoiva vizuri. Ukingoni ni kama chai ya rangi. Ile ya mwenyekiti ilikuwa ya kahawia kuanzia ukingo hadi katikati.

Harufu: mwanzoni ilijificha, kama mgeni aliyesimama mlangoni. Baada ya nusu saa iliingia. Tende na zabibu kavu. Tumbaku inayoanikwa. Karafuu kidogo. Ya mwenyekiti ilinuka karanga za kukaanga, nayo ndiyo harufu ya pipa na hewa.

Mdomoni: utamu unatangulia, lakini hautawali. Spiriti haichomi, imeshaingia ndani ya tunda na huwezi kuitenganisha. Ukakasi upo. Una meno, lakini haung'ati. Nilitema, nikaenda kumgeuza Mama, nikachota maji, nikarudi, na ladha ilikuwa bado ipo. Mado alisema kweli kuhusu mume.

Niliandika: umezeekea ndani ya chupa. Uko kamili. Una miaka mingine ishirini mbele yake ukitunzwa.

Kisha mwaka. Mreno aliondoka 1964, kwa hiyo miaka mikubwa iliyoweza kumfikia ni michache: 1945, 1948, 1955, na kwa kuchelewa 1960. Wa 1960 ungekuwa mwepesi zaidi. Kuhusu 1948 vitabu vinasema jua lilizichoma zabibu, na humu hakuna tunda lililoungua. Wa 1945 wanausifu kwa uzito ambao sikuukuta. Hoja hizo zote ni za vitabu, na hicho ndicho walichonichekea. Lakini ulimi ulikubaliana na vitabu. Niliandika 1955, nikatia saini, nikampa Pitchou karatasi aishike.

Mama alifungua leso kwa mkono wa kulia. Aligeuza kizibo kwenye mwanga wa dirisha akasoma polepole, kama anavyosoma namba ya zaburi: "Moja. Tisa. Tano." Akakisogeza karibu na jicho. "Na tano nyingine."

Pitchou aliangalia karatasi, akaangalia kizibo, akaniuliza kama naweza kuonja tangi lake la petroli nimwambie nani alimtilia maji.

Chupa ya pili imeondoka leo na shemeji Joël, anayeshuka Lubumbashi kupitia Kalemie. Ameapa itakaa mapajani mwake. Karatasi yangu iko kwenye bahasha yake.

Rosine


Lubumbashi, 20 Mei 2024

Mpendwa Bibi Rosine,

Cheti kitakuja kwa Kifaransa na muhuri. Barua hii nakuandikia mimi mwenyewe, Aurélie Kabedi, mwandishi wa jopo, kwa sababu nilikuwepo mwezi wa Agosti na sikusema neno.

Tuliiacha chupa yako ikatulia mwezi mzima, kisha tukaifungua Ijumaa iliyopita, wajumbe wote watano. Mwenyekiti alitaka iwekwe kando ya chupa nyingine kutoka kasha lake lile lile la mtihani. Glasi zilipotua mezani hatukuhitaji pua. Moja ilikuwa nyekundu katikati, nyingine kahawia yote. Hata mhudumu alisimama akatazama. Kila mmoja aliandika bila kuzungumza. Karatasi zote tano zilisema chupa yako ndiyo iliyozeekea ndani ya chupa, na kasha la mwenyekiti ni mvinyo wa pipa. Karatasi ya tano ilikuwa ya mwenyekiti.

Kizibo chenu kilisema 1955. Tathmini yako ilisomwa kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyepinga mstari.

Kwa hiyo karatasi yako ya Agosti imetolewa kwenye faili, yale maneno mawili yamefutwa, na umepewa alama zote. Wewe ni mwonjaji aliyethibitishwa, wa kwanza kutoka Maniema katika orodha yetu. Tunakuomba pia uingie kwenye jopo.

Mwenyekiti anauliza habari ya chupa ya tatu. Angependa itumwe kwetu. Nimemwambia swali nitalifikisha, jibu ni lako.

Aurélie Kabedi


Kasongo, 4 Juni 2024

Mdogo wangu, mwonjaji,

Chadrack alipitia kwangu na habari kabla ya barua yako, na mara hii hakuongeza chumvi. Haikuhitajika.

Soko zima linajua. Mado ameandika kwenye mlango wake, kwa chokaa: HAPA NDIPO ILIPOTAMBULIWA. Iliasi anaulizwa kila siku kama kweli alivunja tano kwa nyundo. Anajibu kwamba alikuwa akifuata maagizo ya wakubwa.

Lakini sikiliza la Yassine. Jana alikuwa kwenye baraza ya duka na wazee baada ya Alasiri. Mimi napita na maji, namsikia: "Hamsini na tano. Kizibo kizima. Haina ladha ya pipa hata kidogo." Mzee mmoja akamwuliza, "Umeionja wewe?" Akajibu, "Mimi Mwislamu, nitaionja vipi? Lakini mali ililala kwetu." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwa mara ya kwanza neno hilo la kulala lilisemwa sokoni kama sifa.

Hiyo ya tatu usiitume. Tano zimekwisha kwenda bure. Anayeitaka aifuate.

Mwamvita


Kabambare, 19 Julai 2024

Yaya Mwamvita,

Nilimjibu mwenyekiti hivyo hivyo: chupa haisafiri tena, anayeitaka aifuate. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Amefika leo. Ndege mpaka Kalemie, kisha pikipiki siku mbili, Aurélie akiwa kwenye ya nyuma. Ana matope mpaka mabegani, na kiatu kimoja kimebaki mtoni. Ni mtu mzima, yaya, na hakulalamika. Alimwamkia Mama kwanza, vizuri, akainama. Mama alimwambia, "Karibu. Wewe ndiye uliyemucheka mutoto wangu?" Akasema, "Ndiyo, mama. Nimekuja kwa miguu yangu kusema nilikosea." Mama akamwambia akae.

Pitchou ameleta koleo. Nimekata shingo mbele yake. Nimechuja, nikamimina glasi nne: yake, ya Aurélie, ya Pitchou na yangu. Mama amepewa kijiko, daktari ameruhusu kijiko.

Watu walikuwa wamejaa uani mpaka kwenye migomba. Mwenyekiti aliinua glasi, akainusa, akafumba macho. Akafungua mdomo ili aeleze.

Nikasogeza mbele yake karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika kwanza, baba," nikamwambia. "Nitaisahihisha."

Rosine